Nahau ya Chuoni na Mtihani wa Kiingereza



Mapema mwaka huu nalikuwa Nairobi kwa shughuli zangu za vitabu. Baada ya sala ya Alasiri katika Msikiti wa Jamia nilitoka nje nikamkuta binti wa marehemu ndugu yangu amesimama akiningoja, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti huyu ni muuguzi. Alizaliwa Mombasa, akasomea kazi yake huko huko, kisha akapata kibarua cha mkataba katika hospitali moja ya upande wa magharibi mwa jiji. Alinisalimu, akanibusu mkono, akanipa ile karatasi bila ya neno. Ilikuwa ni matokeo ya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7.5, kuandika 6.

“Alhamdulillahi,” nikamwambia, “hizi si alama njema?”

“Si njema, Ami. Kuandika wanataka 6.5. Hii ni mara ya pili, na mara ya kwanza ilikuwa hivi hivi.”

Basi ilikuwa ni nusu alama. Ada ya mara ya kwanza aliitoa katika mshahara wake. Ada ya mara ya pili mama yake, ambaye ni mjane, aliitoa katika zamu yake ya mchezo, zamu aliyokuwa ameiwekea nia ya kutengeneza paa la jikoni. Mvua za masika zilipoingia, paa lilivuja na alama ilikuwa haijaja. Mtoto aliniambia haya akitazama chini, kisha akainua uso akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: “Ami, mimi Kiingereza nakijua. Nimesoma nacho tangu darasa la kwanza. Naandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Sasa nifanye nini zaidi?”

Najua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu swali hili limeulizwa au litaulizwa. Mnamo Julai 2021 serikali yetu na ya Uingereza zilitia saini mapatano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Haukupita muda, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akaeleza hadharani kwamba katika wauguzi 300 wa mwanzo waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10. Watu walicheka, na wengine wakatia chumvi. Mimi sikucheka, kwani hao 290 si wajinga. Ni watu waliofaulu mitihani ya uuguzi, na yote huandikwa kwa Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Ikiwa watu kama hao wanaanguka, basi kuna jambo ambalo halikufundishwa, au lilifundishwa likapitiwa juu juu.

Kwa asiyejua, mtihani wenyewe ni sehemu nne. Kusikiliza kuna maswali 40 kwa muda wa nusu saa, na kusoma kuna maswali 40 kwa saa nzima. Kuzungumza ni mazungumzo ya ana kwa ana ya dakika 11 hadi 14. Kuandika ni saa moja kwa kazi mbili, ya kwanza yenye maneno yasiyopungua 150 na ya pili yasiyopungua 250. Alama ya juu kabisa ni 9. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na matokeo hudumu kwa miaka 2. Upo pia mtihani mwingine wa Kiingereza uliotungwa makhsusi kwa watu wa tiba, uitwao OET, na baraza hilo huukubali. Lakini binti yetu alikwisha kuanza na huu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi maandishi yanavyopimwa. Msahihishaji hutazama mambo manne kwa uzito ulio sawa: je, swali limejibiwa; je, hoja zimefuatana na kushikana; je, msamiati ni wa kutosha na umetumiwa mahali pake; na je, sarufi ni ya namna mbalimbali na ni sahihi. Robo nzima ya alama imo katika sarufi peke yake, na ukweli ni kwamba sarufi mbovu huzivuta chini na zile robo nyingine, kwani sentensi iliyovunjika haiwezi kubeba hoja.

Tukavuka, tukaketi kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan, hapo jirani na msikiti, penye wale simba wawili wa mawe. (Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nilimwambia mtoto, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza.) Nikamwomba aandike nusu ukurasa juu ya swali alilokuwa akilifanyia mazoezi: je, wazee watunzwe nyumbani na jamaa zao au katika majumba ya kutunzia wazee? Aliandika upesi sana. Msamiati wake ulinishinda mimi. Lakini nilipoanza kuzisoma sentensi zake moja moja, kama tulivyofundishwa chuoni kusoma matini, niliona kitu ambacho naamini hata walimu wake hawakupata nafasi ya kukiona.

Hapa yanipasa nijieleze. Mimi si mwalimu wa Kiingereza. Nilisoma chuoni tangu udogo, na Kiingereza nilikipata ukubwani, kwa redio na kwa kitabu kikuukuu cha sarufi nilichokinunua kwa wale wauza vitabu wa “inama” wa Nairobi, wanaotandaza bidhaa yao chini hata mnunuzi hana budi kuinama. Lakini nilisomeshwa nahau ya Kiarabu, na aliyesomeshwa nahau hawezi kuitazama sentensi ya lugha yoyote bila ya kuuliza: kitendo ki wapi, mtenda yu wapi, mtendwa yu wapi, na kila neno limesimama pale kwa sababu gani?

Wengi wenu mnakijua kile kitabu kidogo cha Al-Ajurrumiyya, alichokiandika Ibn Ajurrum wa mji wa Fes, Morocco, aliyefariki mwaka 1323. Watoto wetu wa Lamu na Mombasa hukisoma mpaka leo. Kinaanza kwa kueleza kauli ni nini, na masheikh wanaokisherehesha hufundisha kipimo chepesi: kauli imetimia ikiwa mwenye kuisikia anaweza kunyamaza akatosheka. Ukimwambia mtu “Alipokuja mgonjwa...” ukakomea hapo, hatanyamaza. Atakuuliza, “Ndiyo, alipokuja, ikawaje?” Kwa hiyo hiyo si sentensi.

Binti yangu alikuwa ameandika: “Because the old people need love.” Akatia nukta. Nikamwambia, “Nisomee kwa sauti, kisha nami ninyamaze.” Akasoma. Nikamtazama. Akacheka. “Ami, unangoja.” “Ndiyo, nangoja.” Katika nusu ukurasa zilikuwamo tatu za namna hiyo. Na upande wa pili zilikuwamo sentensi ambazo hazikwisha kabisa, zimefungwa kwa mkato baada ya mkato, na “na” juu ya “na”, kama tusemavyo sisi tukihadithia harusi. Katika Kiswahili cha mazungumzo mtiririko huo una utamu wake. Katika mtihani kila mkato uliosimama mahali pa nukta ni kosa lihesabiwalo.

Kisha tukaja kwenye makosa yenyewe, na nitayataja machache, kwani akina mama wenye watoto wa shule watayatambua.

La kwanza ni la sharti. Kiswahili husema: “Ningalijua, ningalimwita daktari.” Alama ya sharti imekaa pande zote mbili, na hivyo ndivyo ilivyo sahihi kwetu. Basi mtoto akiichukua sentensi hiyo na kuivika nguo ya Kiingereza, huandika: “If I would have known, I would have called the doctor.” Pande zote mbili ametia “would”, kwa sababu lugha ya mama yake imemwambia hivyo. Kiingereza hakitaki. Hutaka “If I had known” upande wa sharti, na “would” ikae upande wa jibu peke yake. Nilimkumbusha “lau” ya Kiarabu: upande wa sharti hukaa “lau”, na upande wa jibu hukaa lamu, kila mmoja na alama yake, wala haziingiliani. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akayarekebisha makosa mawili bila ya kuambiwa.

La pili ni la wakati. Sisi husema “mgonjwa yuko hapa tangu Jumatatu”, naye aliandika “The patient is here since Monday”. Kila neno ni la Kiingereza, na sentensi nzima ni ya Kiswahili. Mwingereza atasema “has been here”, kwa sababu kwake jambo lililoanza zamani na likaendelea mpaka sasa lina umbo lake la kitenzi. Nilimuuliza ni mara ngapi ameandika sentensi kama ile katika ripoti za wodi. “Kila zamu,” akasema. Na hakuna aliyemsahihisha hata siku moja, kwa sababu daktari aliyesoma ripoti ile naye huandika vivyo hivyo. Wote wanafahamiana na mgonjwa anatibiwa. Ndiyo maana nikasema watu hawa si wajinga. Kiingereza chao kinafanya kazi yake hapa petu, ila msahihishaji hapimi kama umefahamika tu. Hupima na umbo.

La tatu lilinifurahisha, kwa kuwa limo pia katika Kiarabu. Kiswahili husema “mgonjwa niliyemwona”, na ile “-m-” hurejea kwa mgonjwa. Kiarabu nacho hudai kiwakilishi kirejeacho, ambacho chuoni tunakiita aidi. Basi mtoto wa Kiswahili aliyesoma chuo anasukumwa na lugha mbili kuandika “the patient whom I saw him”. Kiingereza kinakataa “him” hiyo, kwani “whom” imekwisha kushika nafasi yake. Na jirani yake ni ile ya “ingawa... lakini”. Tunasema “ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja” na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza ukitia “although” mwanzo, “but” haina tena kazi.

Na la mwisho ni “a” na “the”, ambalo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu Kiswahili hakina kitu hicho kabisa. Tunasema “kitabu”, na ni mazungumzo yanayotujulisha kama ni kitabu chochote au ni kile tunachokijua. Hapa mtoto wa chuo ana bahati. Anayo “al” ya Kiarabu, na tanwini. “Kitabun” ni kitabu fulani tu, “al-kitabu” ni kile kijulikanacho. Nilimwambia kila akifika kwenye nomino ajiulize: kwa Kiarabu ningetia “al” hapa? Ikawa kama taa imewashwa. Lakini nahau humsaidia mtu na pia humdanganya, kwa hiyo nilimtahadharisha. Kiarabu hutia “al” hata kwenye mambo ya jumla, kama vile uhai na subira, na ukifuata hivyo utaandika “The life is hard”, na Mwingereza hatii “the” hapo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, watu wa maofisini wanamiminika kwenda vituo vya matatu, naye alikuwa na zamu ya usiku. Kabla ya kuagana alisema kwa sauti ndogo kwamba aliona haya. Muuguzi mzima, ana miaka yake, na anasahihishwa kama mtoto wa darasa la pili mbele ya simba wa mawe.

Nikamhadithia habari ya Sibawayhi. Alikuwa Mwajemi, Kiarabu si lugha ya mama yake, na alikwenda Basra kusoma Hadithi. Siku moja, kama wanavyosimulia wanachuoni, alikuwa akisoma mbele ya mwalimu wake Hammad bin Salama, akakosea i'rabu ya neno moja, irabu moja tu, na mwalimu akamkosoa mbele ya watu. Aliona haya, akaapa kwamba ataitafuta elimu ambayo baada yake hapana mtu atakayemkosoa tena. Akashikamana na Al-Khalil bin Ahmad, na mwisho akaandika kile kitabu ambacho Waarabu wenyewe, kwa kukitukuza, hawakukipa jina jingine ila “Al-Kitab”. Waarabu wanajifunza nahau yao kwa mgeni aliyekosolewa.

Na kwa kuwa Basra ni mbali, nikamhadithia na ya hapa kwetu. Marehemu Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi tunamjua kwa jina kubwa alilolipata, kwa vitabu vyake na kwa mihadhara yake ya BBC ya mwaka 1979. Wachache wanajua kwamba alipomaliza skuli alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na daraja hilo halikumtosha kuingia Makerere. Akawa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Aliendelea kusoma na kusema kwa lugha ile ile ya mtihani, mpaka hotuba aliyoitoa katika Maulidi ikamfikia Gavana Philip Mitchell, na kwa njia hiyo akapata nafasi ya kwenda Huddersfield, Uingereza, kumaliza masomo ya sekondari. Mwaka 1960 alihitimu Manchester, na mwaka 1966 alipata udaktari wake Oxford. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Makerere, safari hii akiwa mwalimu.

Wapo wazee wetu ambao mpaka leo huuliza kwa nini sheikh ashughulike na Kiingereza. Sheikh Al-Amin mwenyewe aliwajibu watu wa namna hiyo katika magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, tangu miaka ya 1930, akiwalaumu kwa kuwanyima watoto elimu ya zama zao. Na kabla yake, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zayd bin Thabit kujifunza maandishi ya Mayahudi, naye akayapata kwa muda wa nusu mwezi hivi. Sidhani kwamba nina la kuongeza juu ya hayo.

Sasa, akina mama, nitawaeleza tulivyofanya, kwani mnaweza kufanya hivyo majumbani mwenu bila ya kulipa mtu.

Tulipatana wiki 8. Kila siku, baada ya sala ya Alfajiri au baada ya zamu yake, aliandika sentensi 5 tu kwa mkono, kila moja ya umbo tofauti: moja fupi ya kawaida, moja ya sharti, moja yenye “who” au “which”, moja ya kutendwa, na moja yenye “although” au “because” iliyotimia. Sentensi 5, si insha. Wengi huandika insha nzima kila siku, wakirudia makosa yale yale mara 40, na kosa linalorudiwa mara 40 huwa ni tabia. Kisha alizisoma kwa sauti na kunitumia kwa simu. Nami kila sentensi nilimtaka anipe i'rabu yake: mtenda nani, kitendo kipi, wakati gani, na kwa nini “the” ipo au haipo. Asiyeweza kueleza neno limekaa hapo kwa sababu gani, hata akipatia, amebahatisha.

Alikuwa na daftari dogo la makosa yake mwenyewe. Ukurasa mmoja kwa kosa moja, juu ameandika namna Kiswahili kinavyosema, chini namna Kiingereza kinavyotaka. Mwisho wa wiki ya tatu niligundua kwamba makosa yake yote, yaliyoonekana kama mia, yalikuwa 9. Hiyo ilikuwa ni faraja kubwa kwake. Mtu anaweza kupambana na makosa 9.

Insha tuliziacha mpaka wiki ya tano, na hapo alianza kuandika kwa saa mkononi: dakika 20 kwa kazi ya kwanza, 40 kwa ya pili, na katika hizo 40 dakika 5 za mwisho si za kuongeza neno, ni za kusaka yale makosa 9 peke yake. Mwanzoni hakuweza kujizuia, akawa anaongeza sentensi mpaka dakika ya mwisho, na sentensi hizo za haraka ndizo zilizokuwa mbovu kuliko zote. Mie nami nalichoka siku nyingine, nisiseme uongo. Kuna usiku alinitumia sentensi saa 5, nikalala, nikamjibu kesho yake adhuhuri.

Jambo moja sitalinyamazia. Katikati ya wiki hizo alipata ujumbe kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua, akimwahidi insha za kukariri “zitakazotoka”, na kwa fedha zaidi, cheti chenye alama bila ya kufanya mtihani. Alinitumia akaniuliza rai yangu. Kuhusu cheti, sikuwa na haja ya kufungua kitabu: ni udanganyifu, na mkate utakaoliwa kwa cheti hicho una doa. Tena ni hasara ya dunia pia, kwani waajiri huyahakiki matokeo kwa watoaji wa mtihani wenyewe, na huko uongo huonekana. Ama insha za kukariri, wasahihishaji wamezoezwa kuzitambua, na insha iliyokaririwa haijibu swali lililoulizwa. Sisi watu wa chuo tunaijua heshima ya kuhifadhi. Lakini kuhifadhi maneno ya mtu na kuyaweka mahali pa maneno yako si hifdhi.

Siku ya mtihani nilikuwa nimerudi Mombasa. Alinipigia saa 12 asubuhi akiwa njiani, kelele za makanga nyuma yake, akaniomba dua. Nilimwombea. Mama yake alifunga siku hiyo, wala hakumwambia.

Matokeo yalipokuja, kuandika kulikuwa 6.5. Kusikiliza kulipungua kidogo, kukawa 7, na kulibaki ndani ya mpaka. Alinitumia picha ya karatasi bila ya maneno, kisha baada ya dakika moja ujumbe wa pili kwa Kiingereza: “If I had known, I would have come to you earlier, Ami.” Niliusoma mara mbili kutafuta kosa. Halikuwamo.

Yaliyobaki hayahusu sarufi. Ijumaa iliyopita tulikutana nyumbani kwao Kibokoni, mama yake, mimi na mjomba wake, kuzungumza juu ya safari yenyewe: ataishi na nani huko, mkataba unasemaje, na je, atarudi baada ya miaka mingapi. Mama yake alisikiliza kila kitu huku akimimina chai. Kisha akauliza, katika ile insha ya wazee, mwanawe aliandika wazee watunzwe wapi. Sikuwa nimekumbuka kumuuliza. Tumepatana kukutana tena Ijumaa ijayo, baada ya Magharibi, na binti mwenyewe atakuwapo kwa simu.